Upepo wa Namba Sita

Kisumu, Jumanne, tarehe 15 Aprili 1952. Asubuhi hiyo anga lilikuwa safi baada ya mvua ya usiku, na upepo ulikuwa unatoka upande wa milima ya Nandi kuelekea ziwani. Moshi wa gari moshi pale stesheni haukupanda juu. Ulitoka kwenye bomba, ukalala juu ya mapaa ya mabati, ukakimbilia majini. Nyaya za simu zilikuwa zinapiga mluzi.

Nimeanza na hali ya hewa kwa sababu ndiyo iliyonihukumu.

Mimi naitwa Enos. Wakati huo nilikuwa nahodha wa motaboti ya Kartar Singh, iliyovusha watu na magunia kati ya Kisumu na Kendu, upande wa kwetu, ng'ambo ya ghuba. Lakini siku hiyo mzigo wangu ulikuwa kaka yangu mwenyewe. Walter alifariki hospitalini siku ya Ijumaa Kuu, kifua kilipomshinda, na sasa jeneza lake lilikuwa gatini juu ya magogo mawili, limefunikwa shuka jeupe. Shuka lilikuwa linapigapiga kama bawa la kuku anayechinjwa. Mjane wake, Benta, aliketi chini akiikandamiza pembe moja ya shuka kwa goti ili lisiruke.

Hatukuwa na njia nyingine. Mto Nyando ulikuwa umemwagika pale Ahero, na barabara ya kwetu ilikuwa chini ya maji. Hakuna lori lililopita tangu Jumamosi. Ilibaki njia ya ziwa.

Na kwetu, kaburi likishachimbwa halilali wazi. Likilala wazi, watu husema, litaita mtu wa kulijaza. Baba yangu mdogo, Mzee Oduor, ambaye baada ya kifo cha baba ndiye mkubwa wa nyumba yetu, alikuwa amepeleka habari kwa simu ya posta siku ya Jumatatu kwamba tunafika kesho. Kwa hiyo vijana wa kwetu walikuwa wamechimba usiku kucha, na kaburi lilikuwa tayari. Mama yangu alikuwa ameketi kando yake akitungoja. Sote gatini tulilijua hilo, na hakuna aliyehitaji kulitamka.

"Washa mashine," Mzee Oduor aliniambia. "Tukiondoka sasa, saa nane tunamzika."

"Baba, upepo ni mkali."

"Mkali wapi?" Alinyoosha fimbo yake kuelekea ziwani. "Wewe mwenyewe tazama. Maji yamelala kama maziwa ndani ya kibuyu."

Na kweli yalikuwa yamelala. Kutoka gatini mpaka mbali, maji yalikuwa na mikunjo midogo tu, kama nguo iliyokaliwa. Hapo ndipo penye mtego wa Kisumu, na ndipo watu wengi wanapokosea, hata wavuvi waliozaliwa majini. Upepo wa asubuhi ukitoka nchi kavu, maji yaliyo karibu na ufuo hujificha nyuma ya nchi, kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake. Hayaupati upepo wote. Kadiri unavyokwenda mbele ndivyo mawimbi yanavyokua, na yote yanakimbia kukuacha, yamekupa mgongo. Ukiwa ufukoni huoni povu lake. Unaona migongo tu. Ukifika katikati ya ghuba ndipo yanapokupanda kwa nyuma, nawe huwezi tena kurudi, maana kurudi ni kuyapokea usoni.

Haya sikuyagundua mwenyewe. Niliyafundishwa nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, katika darasa la jioni la kanisa, na Mwalimu Shitanda, karani wa bandari. Alitupa hesabu ya upepo ambayo mabaharia wa dunia nzima wanaitumia. Inaanza na sufuri, siku moshi unapopanda wima, inakwenda mpaka kumi na mbili, ambapo Mungu peke yake ndiye anayeshika usukani. Kila namba ina alama zake za nchi kavu na alama zake za majini. Namba nne, vumbi na karatasi huruka. Namba tano, miti michanga huyumba. Namba sita, matawi makubwa hutikisika, nyaya hupiga mluzi, na mwavuli haushikiki. Namba sita majini ni mawimbi makubwa yenye vichwa vyeupe kila upande. Mwalimu alituambia kwamba alama za majini zikificha jambo, tusikilize alama za nchi kavu.

Kwa motaboti yetu, fupi na yenye kingo za chini, mimi na Kartar Singh tulikubaliana tangu mwaka uliotangulia: namba tano tunangoja, namba sita hatufungui kamba. Tulikubaliana hivyo juu ya magunia ya mtama na abiria tusiowajua. Siku hiyo ilibidi nikubali hivyo juu ya Walter.

"Nyaya zinapiga mluzi, Baba," nilisema.

"Sasa wewe unaendesha boti juu ya nyaya?"

Watu walicheka kidogo. Tulikuwa kumi na tisa pale, wengi wetu ni ndugu, pamoja na watoto watatu wa Walter. Wakhisi, fundi wangu wa mashine, alikuwa amechuchumaa kando ya injini akijifanya anaifuta.

"Wakhisi," Mzee Oduor alimwita, "wewe ni mtu wa mashine. Mwambie mwenzako."

"Mzee, mimi kwetu ni milimani," Wakhisi alisema. "Nikifa majini, mama yangu hatakula samaki tena, na samaki ndicho kitu pekee anachonishukuru kwacho. Mimi nafuata nahodha."

Wakati huo Jaswinder, mke wa Kartar Singh, alikuja kutoka dukani na birika la chai kwa ajili ya wafiwa. Alikuwa mwanamke mwenye heshima zake, na alipokwenda kwenye msiba alibeba mwavuli mweusi. Alipotoka tu kwenye kona ya godauni, upepo uliukamata mwavuli, ukaugeuza ndani nje, ukamnyang'anya. Ulibingirika juu ya gati, ukaangukia majini miguu juu, ukaanza kwenda kama mtumbwi mdogo.

Tulicheka sote. Hata Benta alicheka, kisha akajifunika mdomo kwa aibu.

"Mama Singh, umetutangulia Kendu!" mtu mmoja alipaza sauti.

Mimi sikuuondolea macho mwavuli ule. Ulikwenda vizuri, umenyooka, mpaka ulipopita ncha ya nchi. Pale ulianza kurukaruka. Ulionekana, ukapotea, ukaonekana. Halafu haukuonekana tena.

"Mmeona?" nilisema. "Mmeona pale ulipofika?"

"Nimeona," Mzee Oduor alijibu. "Hata mwavuli wa mwanamke umevuka, wewe na mashine ya Mzungu unaogopa."

Niligeuka kumtazama Kartar Singh, ambaye alikuwa amesimama mlangoni mwa godauni na mikono nyuma. Nilikuwa natumaini angesema neno. Yeye ndiye mwenye boti. Angekataa yeye, lawama ingekuwa ya Mhindi, na mambo yangeisha.

"Maiti ni ya ndugu yako, Enos," alisema taratibu. "Mimi siwezi kusema twende, siwezi kusema tusiende. Leo boti ni yako."

Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni nilijua ameniachia moto mkononi.

Nilikwenda nyuma ya mapipa ya mafuta nikapiga magoti. Nilimwomba Bwana anipe neno. Nilisema, Bwana, huyu ni Walter, aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nilipokuwa mdogo. Mama anangoja. Nipe upepo wa namba nne, hata kwa nusu siku, au nipe sauti ya kuniambia nenda. Nilitaka sauti, nilipewa nyaya. Zilikuwa zinalia juu ya kichwa changu bila kupumzika.

Niliporudi, Mzee Oduor alinisoma usoni.

"Wewe si umeokoka?" aliniuliza, na sasa hakuwa anatania. "Kila Jumapili unasimama mbele ya watu unasema umeokoka. Yesu wako alilala ndani ya mashua, tufani inapiga. Wewe unaogopa upepo unaokausha nguo?"

"Yesu alilala kwa sababu ni Yesu, Baba. Mimi ni Enos."

"Basi useme. Useme mbele ya kaka yako, asikie. Unakataa?"

Nilitazama jeneza. Nilitazama watoto wa Walter. Mdogo alikuwa amelala, kichwa chake kiko juu ya mguu wa Benta.

"Nakataa," nilisema. "Leo sitoki."

Benta aliinuka, akalikung'uta vumbi vazi lake, akaja akasimama mbele yangu.

"Shemeji," alisema, "yeye angekupeleka."

Alirudi akaketi, akaikandamiza tena pembe ya shuka.

Sasa nitasema kilichoniuma zaidi. Ilipofika saa nane mchana upepo ule ulitulia. Jua liliwaka, matawi yakasimama, na nyaya zikanyamaza kana kwamba hazijawahi kusema neno. Mzee Oduor alinyanyua macho juu, akanitazama, akatema mate. Nilijaribu kumweleza kwamba ukiondoka saa hiyo giza linakukuta mlangoni mwa Kendu kwenye mawe na nyavu za watu, na kwamba upepo wa jioni wa ziwani ulikuwa karibu kuingia. Alisema, "Ndiyo, ndiyo, una maneno mengi. Shule imekusaidia." Kisha tulilibeba jeneza tukaliingiza godauni, tukaliweka kati ya magunia ya chumvi na mafungu ya ngozi. Walter alilala hapo.

Jumatano tuliondoka kulipopambazuka. Moshi wa jiko la Kartar Singh ulipanda wima, ukavunjika kidogo juu. Namba moja. Ziwa lilituchukua kama mtu anayejutia ukali wake wa jana. Kila nilipotazama maji yale matulivu niliona aibu, kama shahidi ambaye mwenzake amebadilisha maneno mahakamani. Hakuna aliyezungumza nami ila Wakhisi, aliyeniuliza mara moja kama ninataka tumbaku, naye alijua kwamba sivuti.

Ufukoni kwetu watu walitusubiri, lakini hawakupiga mayowe ya kumpokea maiti kama ilivyo desturi. Walisimama kimya wakituhesabu. Baadaye nilielewa kwa nini. Siku iliyotangulia mvuvi mmoja alikuwa amefika kwa mtumbwi kutoka upande wa Kisumu. Aliondoka kabla ya alfajiri, upepo haujaamka, akafuata kingo za nchi njia yote, na hata hivyo alifika ameloa akichota maji kwa kibuyu. Lakini alipoulizwa, alisema upepo ulikuwa wa kawaida. Mvuvi hawezi kusema aliogopa. Kwa hiyo watu walikuwa na mawazo mawili: ama mashine yetu imezama, ama nahodha ni mwoga. Jua lilipotua nasi hatujaonekana, wazee waliliogopa kaburi lililo wazi, wakafanya walichoona ni salama. Walichuma tunda la yago.

Kwetu mtu akiliwa na ziwa na mwili usipatikane, tunda hilo refu na zito huzikwa badala yake, apate kuwa na mahali. Wazee walilaza yago ndani ya kaburi la Walter, wakalifukia.

Nilimkuta Mama ameketi kati ya mashimo mawili. Moja lilikuwa kifusi kibichi. La pili vijana walikuwa bado wanalichimba, upande wa kushoto, kwa ajili ya Walter, kwa sababu kaburi lililokwisha kupokea tunda halifukuliwi hivi hivi.

"Mama," nilisema.

Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Tunda ni la mtu wa ziwa," alisema. "Walter hakufa ziwani. Hili ni la nani?"

Niliutazama udongo mbichi.

"Katika watoto wangu, ni nani anayelala na kuamka ndani ya ziwa? Nimekuuliza, Enos. Hili kaburi umemchimbia nani?"

Hapo nilielewa kwamba Mama hakuwa na hasira nami tu. Alikuwa ananiogopea. Na kwa sababu ya kuniogopea hakuweza kunitazama.

Tulimzika Walter. Niliomba, lakini nikaombea nyuma ya watu.

Tangu siku ile kila nilipofika nyumbani Mama alinisalimu akitazama mlango. Chakula changu kiliwekwa nje, kikaletwa na mtu mwingine, kutoka chungu kingine. Aliacha kula samaki. Watu wa kijiji walipita njia wakitazama vifusi viwili, na kila aliyepita alikuwa na hesabu yake. Mimi nami nilikuwa na hesabu yangu, lakini nani angeisikiliza? Mtu aliyeokolewa kutoka kwenye ajali ambayo haikutokea hajui kwamba ameokolewa. Hana jeraha la kukuonyesha. Watoto wale watatu walikuwa wanacheza juu ya kaburi la yago, wazima, wanene, na hakuna aliyewatazama akasema, hawa wangekuwa chini ya maji.

Mwezi wa Agosti, mtama ulipokwisha kuvunwa, Mzee Oduor aliniita nyumbani kumaliza neno hilo. Nilikwenda na Wakhisi. Wazee wa ukoo walikaa uani kwa Mama, pembeni mwa vifusi, pamoja na mchungaji wetu, na Benta, na majirani wengi. Mama aliketi kwenye kizingiti cha nyumba yake ametupa mgongo. Ndani, chungu kilikuwa motoni. Nilisikia harufu ya kuku, na nilijua kwa harufu hiyo kwamba chungu ni kile cha zamani, na kwamba safari hii amenipikia mimi.

"Jambo ni dogo," Mzee Oduor alisema. Alikuwa amezeeka katika miezi ile, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyotazamia. "Tumekubaliana. Tunda litafukuliwa na kurudishwa ziwani. Shimo litajazwa, halitakuwa la mtu. Utakula na mama yako. Lakini kwanza utasimama uahidi hapa, watu wakisikia, kwamba hutamwacha tena mfu wa nyumba hii alale njiani kwa sababu ya upepo. Maneno hayo tu."

"Baba, na upepo ukiwa vile vile?"

"Upepo ni wa Mungu. Wewe sema."

"Watoto hawa wangekufa."

"Nani alikufa?" aliuliza. "Nionyeshe. Siku ile nani alikufa?"

Nilimgeukia Benta. Nilitumaini kwake. Yeye ndiye aliyekuwa na watoto gatini. Yeye ndiye aliyecheka mwavuli ulipoondoka.

"Usinitazame mimi, shemeji," alisema. "Mume wangu alilala kati ya magunia ya chumvi kama mali. Tungezama naye, tungekuwa tumelala mara moja. Mimi kila siku nalala mara mbili, kitandani kwangu na kule godauni."

Mchungaji alikohoa. "Enos, ni maneno tu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Bwana anaujua moyo. Yaseme, mama yako apone."

Nilisimama. Ninawaambia ukweli: nilitaka kuyasema. Yalikuwa mdomoni. Nilitazama mgongo wa Mama, shingo yake iliyokonda, mkono wake mmoja ukiwa tayari umeshika mwiko. Angegeuka. Ningesema maneno yale mafupi naye angegeuka, na ningeketi kwenye kizingiti kile nikala kuku wake kwa vidole vyangu. Nilimwomba Bwana kimya, nikamwambia, kama ni uongo mdogo nipe ruhusa. Uani kulikuwa na utulivu, moshi wa jikoni ulipanda wima kabisa juu ya paa, namba sufuri. Siku kama hiyo ni rahisi kuahidi lolote.

Nikawaza juu ya siku nyingine, jeneza jingine, pengine hata la mtu aliyeketi pale mbele yangu, na ndugu gatini wanasema, uliahidi.

"Nitaahidi," nilisema. Mzee Oduor alitikisa kichwa kwa furaha. Mama aliuinua mwiko.

"Wakhisi, sikia. Mchungaji, sikia. Baba, na nyinyi wote. Mbele ya Mungu na mbele ya mama yangu, naahidi hivi. Siku nyaya zitakapopiga mluzi, sitafungua kamba ya boti. Sitaifungua kwa jeneza la kaka, wala la mwanangu, wala lako, Mama, ukiniachia nikuzike. Na hilo tunda, kama mnataka liningoje mimi, liacheni liningoje. Lakini yeyote aliyepanda kwangu akiwa hai, atashuka akiwa hai. Nimeahidi, nanyi mmesikia."